Sweta ya Karatasi ya Kaki

Mikisa ilipofika studio kwetu, tuliamini imekuja bila funguo. Tuliamini hivyo kwa miezi, mimi na boss wangu, na hakuna mtu Busia nzima ambaye angetusahihisha.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, karibu na mpaka, mahali ambapo sauti za vijana wa boda boda wakiita abiria wa kuvuka Uganda ziliingia hata ndani ya kaseti zetu. Tulipiga video za harusi, mazishi na harambee. Boss alishika kamera. Mimi nilikaa mbele ya televisheni na deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, nikiondoa migongo ya watu waliosimama mbele ya kamera, nikiunganisha vipande vilivyobaki mpaka harusi ya siku nzima ikatosha kwenye kaseti moja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hiyo ndiyo kazi ya kuhariri filamu niliyoijua, na nilidhani imeishia hapo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Boss alivuka akaenda Kampala akarudi na mikisa, mashine iliyotumika ya kuchanganyia picha, yenye vitufe vingi kuliko kinanda cha kanisani. Iliweza kuifanya picha moja ififie ndani ya nyingine, au ijikunje kama ukurasa, au ijifunge kama pazia. Wateja walipenda pazia sana. Lakini kulikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa KEY, na ukikibonyeza, televisheni inakuwa nyeusi au haifanyi kitu.

"Hii ndiyo inataka funguo," boss alisema. "Yule jamaa ametuuzia gari bila funguo."

Aliipindua mikisa akatafuta tundu. Siku moja nilimkuta akijaribu funguo ya kufuli la mlango kwenye matundu ya kupitishia hewa. Alituma ujumbe Kampala kupitia kwa dereva wa basi, na jibu likaja kwamba yule muuzaji ameuliza, funguo gani? Boss aliona huo ni ujeuri wa wazi.

Basi mambo yalikuwa hivyo alipokuja bibi harusi wa Chakol. Alikuwa muuguzi, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, na harusi yake tulikuwa tumeipiga kwenye kanisa la Kikatoliki la kwao. Alikuja kuiangalia kabla sijaimaliza. Alipofika pale anapoingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na baba yake mdogo, aliniambia nisimamishe.

"Dada, hapo nataka mniwekee baba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Boss ndiye aliyekuwa amepiga mazishi.

"Mlimpiga video akiwa mzima pia," alisema. "Wakati wa harambee ya zahanati. Mumtoe kule, mumlete hapa kwa mlango wa kanisa. Nimeona kwa televisheni watu wakifanya. Mtu anatolewa mahali anawekwa pengine."

Boss hakuwahi kumwambia mteja hapana tangu nimjue. "Hiyo si shida, mama," alisema. "Mwezi ukiisha, iko tayari."

"Na mama asijue. Nataka aione siku tutakayoiangalia sisi wote."

Alipotoka nilimgeukia boss nikamuuliza tutafanyaje. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndio ulisomea kompyuta?"

Nilikuwa nimesomea kupiga chapa. Kompyuta niliyoijua ilinifundisha kuandika barua na kuweka kichwa cha habari katikati.

Lakini nilikuwa na binamu Malaba. Alifanya kazi kwenye ofisi ya kupitisha mizigo forodhani, na katika mkutano wa familia kule kwetu Khunyangu alikuwa ametuambia kwamba kompyuta ya ofisi yao imeunganishwa na laini ya simu, na kwamba ndani yake kuna kila kitu. "Hata ng'ombe akiwa mgonjwa," alisema, "unauliza, unajibiwa na mtu wa ng'ambo." Wazee walicheka. Mimi nilicheka pia. Sasa nikamfuata.

Nilimkuta mchana, malori yamejipanga barabarani mpaka huwezi kuona mwisho wake, na mkubwa wake ametoka kwenda kubishana na maofisa. Binamu alifunga mlango, akachomoa waya wa simu akauchomeka kwingine, na mashine ikaanza kulia kama mtu anayeburuta bati juu ya lami. Nilisogea nyuma. "Ni kawaida," aliniambia. "Inaongea na wenzake."

Nilimweleza ninachotaka, akaandika kwa Kiingereza. Kurasa zilifunguka kutoka juu kwenda chini, polepole, kama mtu anayevuta blanketi. Nyingi zilihusu mambo mengine kabisa. Kisha tukaangukia mahali ambapo watu wa kazi yangu walikuwa wamekusanyika. Hilo lilinishtua. Nilimjua mhariri mmoja tu wa video nje ya studio yetu, naye alikuwa Bungoma na hatukusalimiana. Hapa walikuwa watu wasiohesabika: wanaokata filamu, wanaofanya michoro itembee, wanaochoma majumba bila moto. Waliulizana na kujibiana, wengine kwa hasira. Mmoja alikuwa akilalamika kwamba joka lake halina uzito linapokanyaga. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa.

Ila maneno yao yalinipoteza. Kila mahali walitaja leya. Weka leya hii juu ya ile, futa leya ya chini. Mimi leya niliyoijua ni kuku wa mayai. Halafu binamu akaanza kusoma kuhusu unyoya, jinsi ya kuongeza unyoya pembeni, na unyoya ukizidi ni vibaya.

"Una hakika hapa si kwa wafuga kuku?" nilimuuliza.

Alikisogelea kioo. Naye alikuwa ameanza kuwa na shaka. "Hapa juu wameandika filamu," alisema. "Lakini huku chini ni kuku."

Tuliandika swali hivyo hivyo. Mimi nilisema kwa Kiswahili, yeye akageuza: kwamba tuko Kenya, kwamba tunataka kumtoa marehemu kwenye kaseti moja na kumweka kwenye nyingine, kwamba tuna mikisa lakini imepotea funguo. Niliona aibu kulisoma, lakini ilikuwa kweli, au nilidhani ni kweli. Kisha mlango ukagongwa, mkubwa wake amerudi, na mimi nikatoka na bahasha tupu mkononi kama mtu aliyeleta barua.

Niliporudi siku nyingine, majibu yalikuwepo. Aliyejibu hakujulikana ni mwanamume au mwanamke, wala ni wa nchi gani. Alisema kwao ni asubuhi na theluji inaanguka. Nilichungulia dirishani: jua la Malaba, wanawake wa ndizi, madereva wamelala chini ya malori yao. Alikuwa na maswali mengi kuliko sisi. Aliuliza tunatumia programu gani. Aliuliza tunaposema marehemu tunamaanisha nini. Mwishoni aliandika, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba funguo haijapotea. Kitufe chenyewe ndicho funguo. Ukikibonyeza, huku ukizungusha kirungu kilicho pembeni yake, mashine inatoboa sehemu zote nyeupe za picha moja, na kwenye matundu hayo picha ya pili inaonekana.

Binamu alinieleza mara tatu na kila mara aliniacha mahali tofauti. Kama funguo inatoboa, kwa nini isiitwe msumari?

Nilipomwambia boss, aliigeukia mikisa. "Kwa hivyo yule jamaa wa Kampala hakuniibia," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Tulitoa kaseti ya harambee. Boss hakufuta kaseti, hilo nitamsifu nalo. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amevaa kofia na koti jeusi, anahutubia watu. Mzee tukamcheza kwenye deki, harusi tukaicheza kutoka kwenye kamera, na deki ya pili ikakaa tayari kurekodi. Nilibonyeza KEY. Nikazungusha kile kirungu.

Ukuta ukaondoka. Pale ulipokuwa, palitokea mlango wa kanisa, maua, na bibi harusi katika gauni lake, na baba yake amesimama karibu naye.

"Yesu!" boss alisema, akasimama.

Nilikuwa sijawahi kufanya kitu kama hicho maishani mwangu. Kisha tukaona kifua. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe ndani ya koti, na mashine haikujua tofauti ya shati na ukuta. Kifuani kwake kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo, mbali kule madhabahuni, mshumaa unawaka. Akifungua mdomo kuongea, meno nayo yanaondoka.

Boss aliinama akatazama kwa karibu. "Dada," alisema taratibu, "huyu mzee ana mshumaa ndani."

Nilizungusha huku na huku. Shati likirudi, ukuta nao unarudi. Ukuta ukienda, shati linaufuata. Nilikaa na mtu huyo mchana kutwa, nikimpa kifua na kumnyang'anya, na jioni nilipoenda nyumbani sikujisikia vizuri. Sikujua kama ninafanya kazi au ninachezea mtu wa watu.

Nilirudi Malaba. Yule mtu wa theluji alifurahi kusikia tumefika mbali hivyo. Alisema dawa ya shati ni kitu ambacho binamu alikitafsiri kama mkeka. Mfunike kwa mkeka mweusi pale msipotaka patoboke, kabla picha haijaingia kwenye mashine.

"Mkeka?" niliuliza.

"Ameandika mkeka. Ama kitu kama mkeka."

Nilimpelekea boss neno hilo kama nilivyolipokea, na siku iliyofuata alikuja studio na mkeka wa mafunjo kutoka sokoni, umekunjwa begani. Tuliutandika. Tulisimama juu yake tukatazama televisheni, na mzee bado alikuwa na tundu. Tuliutundika nyuma ya televisheni. Hapana. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria mkeka nikafikiria kufunika. Nilichukua karatasi ya kaki, ile ya kufunikia vitabu vya shule, nikatafuta mahali ambapo mzee amefunga mdomo na kutulia akisubiri makofi yaishe, nikasimamisha picha. Nilikata kipande chenye umbo la shati lake, nikakibandika kwenye kioo cha televisheni. Tukafunga madirisha, boss akaelekeza kamera kwenye kioo akairekodi upya, huku nikicheza kile kipande kifupi ambacho mzee hajatikisika.

Tulipoipitisha kwenye mikisa, alisimama mzima. Kulikuwa na mstari mwembamba uliopanda na kushuka usoni pake, na alitazama juu ya kichwa cha bintiye badala ya kumtazama, kwa sababu kule harambee watu walikuwa upande ule. Lakini alikuwa mzima, mlangoni pa kanisa, na kofia yake.

Tuliipeleka Chakol pamoja na televisheni na jenereta. Familia ilijaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani. Mambo yalikwenda vizuri, nyimbo, magari, wasimamizi, mpaka pale mlangoni. Mzee alipotokea, shangazi mmoja alipiga kelele. Bibi kizee mmoja aliinuka akatoka nje na hakurudi. Katekista alisema kwamba jambo kama hili lilipaswa kuanza na sala. Bibi harusi alikuwa akilia na kucheka, ameshika mkono wa mumewe, na katikati ya hayo yote baba mdogo akasimama.

"Mimi ndiye nilimshika huyu mtoto mkono," alisema. "Sasa mimi niko wapi?"

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumemweka marehemu juu yake. Kwenye kaseti hiyo baba mdogo hakuwahi kuja harusini. Nilimtazama boss, boss akatazama jenereta.

Kisha nikamwona mama wa bibi harusi. Toto, walimwita, ndivyo Wateso wanavyomwita mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini, na hakutazama uso wa mumewe. Alitazama kifua.

"Rudisha," aliniambia.

Nilirudisha.

"Rudisha tena."

Kisha aliinuka akaenda jikoni kuona chakula. Nilirudi Busia nikiwa sielewi kama tumewapa zawadi au tumewaletea matata.

Haikupita wiki yule mama alikuja studio, peke yake. Boss alikuwa ametoka. Nilimpa kiti, akakikalia ukingoni, mkoba wake mapajani.

"Mwanangu, nataka uniambie ukweli. Ile video ya mzee mliitoa wapi?"

"Ni ile ya harambee ya zahanati, mama."

"Hapana." Alitikisa kichwa bila hasira. "Siku ya harambee nilimvalisha mimi. Shati nyeupe, nilipiga pasi mwenyewe, nikamwambia asikalie vumbi. Hakuwa na sweta. Nimefua nguo za yule mtu tangu nikiwa msichana, na hiyo sweta ya kahawia siijui. Alikuwa akivuka kwenda Tororo kuuza ng'ombe. Wakati mwingine analala huko. Nani alimfumia hiyo sweta?"

Ilinichukua muda kuelewa anachouliza. Siku zote hizo mama alikuwa amelala na sweta ile akilini. Bintiye alikuwa amesema mama asijue mpaka siku ya kuangalia. Hakusema lolote kuhusu siku zilizofuata, na mimi sikujua ni siri au si siri tena.

Niliwasha televisheni. Niliweka kaseti ya harambee, nikamtafuta mzee pale alipotulia akisubiri makofi, nikasimamisha. Akaonekana na shati lake jeupe. Kisha nikatoa kile kipande cha karatasi, nilichokuwa nimekihifadhi ndani ya ganda la kaseti, nikakibandika kwenye kioo.

Mama alisogeza kiti. Alinyoosha mkono, akagusa karatasi, akaibandua. Shati. Akairudisha mwenyewe, akiilinganisha vizuri kwenye kola kuliko nilivyoilinganisha mimi. Sweta. Akaibandua tena.

"Kwa hivyo hii ni karatasi."

"Ni karatasi, mama."

"Ya vitabu."

"Ya vitabu."

Alifikiri. "Na Tororo?"

"Tororo mimi sijui, mama."

Alianza kutikisika mabega, na nilikuwa nimeshainuka kumfuata kabla sijaona kwamba anacheka. Halafu sikuwa na hakika tena. Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akaniambia niache picha itembee, na niweke sauti, kwa sababu kule kwenye harusi tulikuwa tumemnyamazisha.

Tuliangalia harambee yote. Mzee alizungumza kuhusu mabati na kina mama wanaojifungulia njiani. Mama aliitikia pale watu wa kwenye kaseti walipoitikia. Baadaye ukaja mnada, na jogoo mwekundu akainuliwa juu, miguu imefungwa, watu wakipandishana bei na kucheka. Mzee alinyoosha mkono mara ya mwisho, watu wakapiga vigelegele, jogoo akawa wake. Jogoo aliinuliwa tena, picha ikayumba, na kaseti ikaishia hapo, kwa sababu boss alikuwa ameishiwa na betri.

Mama alikaa akitazama kioo cheupe.

"Hiyo jogoo," alisema, "haikufika nyumbani."

"Labda alimpa mgeni wa heshima," nilimwambia. "Watu hununua hivyo wakampa mgeni."

"Labda." Aliigeuza ile karatasi ya kaki mkononi, akaikunja, akaitia mkobani. "Inaweza kuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kupenda wageni."

Aliomba kaseti ile ya harambee nikampa. Ya harusi hakuiulizia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda nyuma ya baiskeli ya boda boda akiwa amekaa upande, mkoba ameukumbatia, na alipokuwa akiondoka nilimsikia akimuuliza yule kijana, kana kwamba kijana angejua, jogoo mwekundu wa harambee ile angekuwa amepelekwa wapi.